Rejeta Isiyopata Joto: Tuyafuate Maji

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila huchoma gesi jikoni au ndani ya kabati, maji yanapashwa hadi nyuzi 60 au 70, pampu inayasukuma kwenye mabomba, nayo yanapita katika rejeta zilizofungwa ukutani chumba kwa chumba, yanaacha humo sehemu ya joto lake, kisha yanarudi kwenye boila kuchukua jingine. Kwa Mswahili aliyehamia Leicester, Reading au Glasgow mtambo huu ni mgeni, maana rejeta aliyoizoea ni ya gari. Pengine ndiyo sababu chumba kinapokataa kupata joto mwezi wa Januari, lawama huangukia kile chuma kinachoonekana ukutani. Lakini rejeta ya aina hii haina injini wala moto wake. Ni sanduku la bati lenye tundu la kuingiza maji na tundu la kuyatoa, pamoja na vali mbili. Maji ya moto ya kutosha yakipita humo, itapata joto. Yasipopita, itabaki baridi hata ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo nashikilia kwamba swali la kwanza ni moja, nalo ni wapi maji yanakwenda. Matengenezo yanayorukia dawa kabla ya kulijibu swali hilo ni ya kubahatisha, na ndiyo yanayowamalizia watu fedha huku chumba cha mtoto kikiendelea kuwa baridi.

Dawa inayorukiwa kuliko zote ni kutoa hewa. Kila mtu ameshaambiwa: chukua kile kifunguo kidogo, fungua skurubu iliyo juu pembeni mwa rejeta, hewa itoke kwa mlio, maji yakianza kuchuruzika funga. Dawa hii ni ya kweli pale inapostahili. Hewa ni nyepesi kuliko maji, hupanda juu ya rejeta na kukalia nafasi ambayo maji yangepita, na dalili yake haina utata: juu baridi, chini moto. Kazi ifanyike mtambo ukiwa umezimwa na maji yamepoa, kwa sababu maji ya moto huunguza, na pia kwa sababu pampu ikiwa inazunguka inaweza kuvuta hewa mpya badala ya kuiacha itoke. Ukishamaliza, tazama kipimo cha presha kwenye boila. Mitambo mingi iliyofungwa hutakiwa kukaa kati ya bari 1 na 1.5 ikiwa baridi, na ikishuka chini ya hapo huongezwa maji kupitia bomba dogo la kujazia. Hadi hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanza pale ambapo hewa inarudi. Mtambo uliofungwa vizuri hauna sababu ya kujaa hewa kila baada ya wiki mbili. Ukijaa, ama kuna mahali unavuja na unajazwa tena na tena, ama gesi inazalishwa humo humo ndani. Watu wengi hawalijui hili la pili. Chuma kinapoliwa na maji bila hewa ya kutosha, kutu inayotokea ni nyeusi, nayo huzaa gesi ya haidrojeni. Kinachotoka kwa mlio ule, basi, huenda si hewa kabisa, na haidrojeni inashika moto, hivyo asiwepo mtu wa kusogeza kiberiti pale. Sasa fikiria mzunguko wenyewe. Gesi inatolewa, presha inashuka, maji mapya ya bomba yanaongezwa. Maji hayo mapya yamebeba oksijeni, oksijeni inakula chuma, kutu inaongezeka, na kwa kuwa kila ujazo unazidi kuipunguza nguvu dawa ya kuzuia kutu iliyokuwa kwenye mtambo, hali inazidi kuwa mbaya. Mwenye nyumba anayejivunia kwamba anatoa hewa kila mwezi anaulisha ugonjwa anaodhani anautibu. Kutoa hewa mara moja mwanzoni mwa msimu wa baridi ni jambo la kawaida. Ikibidi mara ya tatu, kifunguo kiwekwe kando na uvujaji utafutwe.

Kabla ya kifunguo chochote kuna kipimo kisicho na gharama, nacho ni mkono. Washa mtambo, subiri nusu saa, kisha gusa kwa uangalifu. Baridi ikiwa juu, ni hewa. Ikiwa chini katikati huku pembeni na juu pana moto, ni tope limetuama. Rejeta nzima ikiwa baridi wakati jirani zake zinaunguza, maji hayaingii au hayatoki: ama vali imekwama, ama imefungwa, ama maji yanaishia kwa wenzake. Rejeta zote za ghorofa ya juu zikiwa baridi, shuku presha iliyoshuka, na katika nyumba za zamani shuku tangi dogo la darini ambalo boya lake limekwama na maji yamekauka. Zikiwa baridi za chini tu huku za juu zina joto, shuku pampu, kwa sababu maji ya moto hupanda yenyewe bila kusukumwa lakini hayashuki. Bomba la bafuni likitoa maji ya moto sawasawa ilhali rejeta zote hazina kitu, shuku vali iliyo ndani ya boila inayogawa maji kati ya kuoga na kupasha nyumba, na hapo muite fundi. Dalili hizi haziwezi kumdanganya mtu kirahisi, kwa kuwa kila moja inaonyesha mahali ambapo safari ya maji imekatika.

Vali iliyokwama inastahili neno lake, maana hutokea sana mwezi wa Oktoba. Vali ya thamostati, ile yenye namba 1 hadi 5, ina pini ndogo ndani ambayo kichwa huibonyeza chumba kinapofika joto lililowekwa. Ikiachwa imefungwa majira yote ya joto, pini hung'ang'ania chini, na mtu anaweza kuzungusha kichwa hadi 5 pasipatikane tone. Kichwa kikifunguliwa, pini inatakiwa kubonyea na kurudi juu yenyewe milimita chache. Isiporudi, ibonyezwe na kuachiwa taratibu kwa kitu bapa, na igongwe kidogo ubavuni mwa vali. Isivutwe kwa koleo, kwani ikichomoka maji yatafuata. Kinga yake ni kuziacha vali wazi kabisa wakati wa kiangazi.

Sababu ninayoona inapuuzwa kuliko zote ni mgawanyo wa maji kati ya rejeta. Aliyewahi kuona mfereji wa umwagiliaji kwenye mteremko wa Kilimanjaro anaijua hali yenyewe: mwenye shamba la juu akifungua lango lake lote, wa chini anabaki anatazama udongo mkavu, ingawa chanzo kina maji tele. Mabomba ya nyumba hufuata sheria hiyo hiyo. Maji hupita penye ukinzani mdogo, na penye ukinzani mdogo ni kwenye rejeta zilizo karibu na pampu. Ya sebuleni inaunguza, ya chumba cha mwisho inapata mabaki. Hakuna kilichoharibika, ndiyo maana fundi anayetafuta kifaa kibovu hakioni.

Hesabu yake inafaa kuandikwa, kwa sababu ndiyo ushahidi wenye nguvu zaidi katika suala hili. Tuchukue rejeta yenye kutoa kilowati 1, maji yakiingia na nyuzi 70 na kutoka na nyuzi 50, katika chumba cha nyuzi 20. Ili kutoa joto hilo inahitaji maji kama lita 43 kwa saa, yaani robo tatu ya lita kwa dakika. Kiasi kidogo mno. Sasa tufungue vali mpaka maji yatoke na nyuzi 60. Wastani wa joto ndani ya rejeta umepanda kutoka 60 hadi 65, na joto linaloingia chumbani limeongezeka kama asilimia 16 au 17 tu. Lakini maji yaliyotumika kupata nyongeza hiyo ni mara mbili na theluthi ya yale ya kwanza. Rejeta ya sebuleni, kwa hiyo, imepokonya sehemu ya jirani kwa faida ambayo aliyekaa sebuleni hata hataihisi. Upande wa pili ni wa kutia moyo: ukiibana vali ya rejeta yenye ulafi, hiyo haipotezi kitu cha maana, na iliyokuwa na njaa inapata yote. Ni nadra katika ufundi wa nyumba kupata tiba inayompa mmoja mengi kwa kumnyima mwingine kidogo kiasi hiki.

Tiba yenyewe hufanywa kwenye vali ya pili, iliyo upande wa kurudishia maji, ambayo kwa kawaida imefunikwa kwa kofia ya plastiki isiyozungusha kitu. Ndani yake kuna shina linalozungushwa kwa spana ndogo. Kabla ya kugusa, lifunge ukihesabu mizunguko, andika idadi, kisha lirudishe pale pale. Hapo ukikosea una pa kurejea. Rejeta zote zikiwa wazi na vichwa vya thamostati vimeondolewa au vimewekwa juu kabisa, washa mtambo ukiwa baridi na uangalie zinapata joto kwa mpangilio gani. Ya kwanza ndiyo inayobanwa zaidi, pengine kubakizwa robo ya mzunguko. Ya mwisho iachwe wazi. Zilizo katikati zipangwe kati ya hizo. Kisha pima joto la bomba linaloingia na linalotoka katika kila rejeta. Kwa boila za kisasa hutafutwa tofauti inayokaribia nyuzi 20, kwa za zamani nyuzi 11 au 12, na muhimu kuliko namba kamili ni kwamba rejeta zote zifanane. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kinatosha, ila shaba inayong'aa hukidanganya, kwa hiyo bandika kipande cha utepe wa karatasi kwenye bomba na upime juu ya utepe. Badilisha kidogo kidogo na usubiri kati ya badiliko moja na jingine, maana maji huchukua muda kutulia katika mgawanyo mpya. Ni kazi ya mchana mzima, na uvumilivu ndio gharama yake kubwa. Nadhani hapo ndipo siri ya kupuuzwa kwake ilipo. Fundi anayelipwa kwa ziara ya nusu saa hana muda wa kusubiri, na anayeuza boila mpya hapati kitu kwa kuzungusha shina la vali.

Wapo watakaosema njia hii ni ndefu bure, kwamba inatosha kupandisha joto la boila au kasi ya pampu. Tuanze na pampu. Kuongeza kasi kunaongeza maji kila mahali, lakini mgawanyo unabaki ule ule wa dhuluma, na ukinzani wa mabomba hupanda kwa kipeo cha pili cha mtiririko: ukitaka maji mara mbili, unahitaji msukumo mara nne. Kinachoongezeka zaidi ni kelele. Kupandisha joto la boila kutaisaidia kidogo rejeta yenye njaa, hilo nalikubali, lakini bei yake inalipwa kwingine. Tangu mwaka 2005 boila mpya za gesi katika England na Wales, isipokuwa katika hali chache, hutakiwa kuwa za aina inayovuna joto la mvuke uliomo katika moshi. Mavuno hayo hupatikana tu maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 au karibu na hapo, ili mvuke ugeuke maji. Rejeta za karibu zikirudisha maji yakiwa bado na nyuzi 65, na mtu akaongeza moto juu yake, boila iliyonunuliwa kwa sifa ya kubana matumizi inafanya kazi kama ya zamani. Kwa hiyo mgawanyo mbaya unamnyima mtu joto chumbani na kumtoza gesi zaidi kwa wakati mmoja.

Hoja ya kununua rejeta kubwa zaidi ina uzito pale tu inapothibitika kwamba maji yanapita vizuri na chumba bado ni baridi. Hapo tatizo ni eneo la chuma dhidi ya upotevu wa joto kupitia dirisha na ukuta, na rejeta ya bati mbili yenye mapezi hutoa joto zaidi ya ile ya bati moja yenye ukubwa ule ule wa mbele. Lakini kufunga rejeta kubwa kwenye bomba lisilopata maji ni kuongeza baridi kwa ukubwa. Na wale wanaodai kwamba vali za thamostati hujisawazisha zenyewe wanasema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba sebule ikifika nyuzi 20 vali yake itajibana na maji yataelekea kwingine. Lakini katika saa ya kwanza ya asubuhi, nyumba nzima ikiwa baridi, vali zote ziko wazi na ulafi uko pale pale; na familia inayowasha mtambo saa moja tu ili kuokoa fedha haifiki kamwe kwenye wakati ambapo thamostati zingesawazisha chochote. Walio na kipato kidogo ndio wanaoumizwa zaidi na mtambo usiosawazishwa.

Tope ni jambo jingine, nalo haliponi kwa kuzungusha vali. Ile kutu nyeusi niliyoitaja ni nzito, hutuama chini ya rejeta na kwenye mabomba membamba ya milimita 8 au 10 yaliyopendwa katika nyumba za miaka ya 1970 na 1980. Kwa kuwa hufuata sumaku, kipande cha sumaku kikitiwa kwenye maji yaliyokingwa kutoka mtamboni hutoa jibu mara moja. Rejeta moja tu ikiwa na tope, inaweza kufungwa vali zote mbili, kufunguliwa, kubebwa nje na kusukumwa kwa mpira wa maji mpaka maji yatoke safi. Zikiwa nyingi, mtambo wote usafishwe kwa mashine. Kuna mafundi wanaouza usafishaji huu kwa kila mteja mwenye rejeta baridi, na hapo namtaka msomaji awe mkali: ikiwa baridi haiko chini, na maji ni safi, hakuna cha kusafisha. Kiwango cha Uingereza cha BS 7593, katika toleo lake la 2019, kinataka mtambo usafishwe, utiwe dawa ya kuzuia kutu na ufungiwe kichujio cha kudumu kwenye bomba. Usafishaji usiofuatwa na dawa ni kazi ya kurudia baada ya miaka michache.

Kuna pia rejeta zinazolaumiwa bila kosa. Sehemu ya chini ya rejeta isiyo na hitilafu huwa na joto pungufu kuliko ya juu, kwa kuwa ndiko maji yanakotokea yakiwa yamepoa. Vali iliyowekwa kwenye 3 hufunga chumba kinapokaribia nyuzi 20, na rejeta ikapoa. Hiyo ndiyo kazi yake. Pazia zito likining'inia juu ya kichwa cha thamostati, au sofa ikisukumwa mpaka ukutani, kichwa kinahisi joto lililokwama nyuma yake na kufunga ilhali katikati ya chumba watu wanatetemeka. Na katika nyumba zilizofungiwa pampu ya joto inayotumia umeme, maji huenda na nyuzi 35 hadi 45, hivyo rejeta haitaunguza mkono hata siku moja. Kinachopimwa ni joto la chumba. Ndugu walioko Marekani nao wajihadhari, maana majengo ya zamani ya New York na Chicago mengi hutumia mvuke badala ya maji. Kwenye mtambo wa mvuke wa bomba moja, vali huachwa wazi yote au kufungwa yote, rejeta huinamishwa kidogo kuelekea bombani ili maji yarudi, na kinachoziba mara nyingi ni kitundu cha kupumulia. Mengi niliyoyasema juu ya kusawazisha hayahusu huko.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote: kwamba mpangaji hana haki wala wajibu wa kushika spana. Kwa sehemu ni sahihi. Kufungua boila na kugusa njia ya gesi ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, chombo kilichochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, na hapo hakuna mjadala. Kwa England, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 1985 kinamtaka mwenye nyumba, katika upangaji wa muda mfupi wa miaka chini ya 7, kuweka katika hali nzuri ya kufanya kazi vifaa vya kupasha nyumba joto, na sheria ya mwaka 2018 inataka nyumba iwe inafaa kukaliwa na binadamu, baridi kali ikiwa miongoni mwa hatari zinazohesabiwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi, lilitaja nyuzi 18 kuwa joto salama la ndani wakati wa baridi katika nchi za hali ya hewa kama hiyo, na pengine zaidi kwa wazee, watoto na wagonjwa. Ukuta baridi hukusanya unyevu, unyevu huleta ukungu, na ukungu huingia vifuani mwa watoto. Lakini kutokuwa na wajibu wa kutengeneza si sababu ya kutokujua. Mpangaji anayesema tu kwamba rejeta haifanyi kazi hutumiwa mtu wa kutoa hewa, mlio unasikika, fomu inasainiwa, na baridi inabaki.

Andika barua au ujumbe wenye tarehe. Taja chumba, joto lake kwa kipimajoto asubuhi na jioni, baridi iko sehemu gani ya rejeta, presha inasomeka ngapi na imeongezwa maji mara ngapi. Fundi akifika, muulize maji yanaingia na nyuzi ngapi na kutoka na nyuzi ngapi, katika rejeta hiyo na katika ile iliyo karibu na boila. Akiondoka bila kupima, mjulishe mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kwa maandishi, kwamba matengenezo hayajafanyika.